Dennis Wright, munganga aliyeisoma kansere ya damu ya watoto kunako Kampala, na kwa nini kazi yake inatuhusu sisi wa Goma

Mtoto wa miaka sita anaamka asubuhi, shavu moja limevimba. Mama anafikiri ni jino. Jirani anasema ni jipu, analeta majani ya kusaga. Kwenye kituo cha afya wanatoa antibiotiki na dawa ya maumivu. Wiki inayofuata meno yanatikisika, na upande ule ule jicho linaanza kusukumwa nje. Hapo ndipo familia inaanza kuuza mbuzi, kuomba pesa za likelemba kabla ya zamu yao, na kumpakia mtoto kwenye pikipiki kuelekea hospitali kubwa.

Kwenye hospitali, munganga anakata kipande kidogo cha uvimbe ule, anakitia ndani ya chupa yenye formoli, na kwenye karatasi anaandika neno moja: «anapath». Chupa inaondoka. Mama anabaki kwenye benchi. Hajui chupa imekwenda wapi, wala ni nani atakayeifungua.

Atakayeifungua ni munganga wa patolojia. Hashiki mkono wa mgonjwa, haandiki dawa, na mara nyingi hata jina lake familia haitalisikia. Lakini neno lake ndilo linaloamua kila kitu kitakachofuata. Makala hii ni juu ya mmoja wa wanganga hao, Mwingereza Dennis Wright, ambaye miaka ya 1960 alifanya kazi kunako chuo kikuu cha Makerere, Kampala, umbali wa safari moja ya basi kutoka hapa kwetu. Aliondoka Uganda na kuwa profesa mkubwa Ulaya, mtaalamu wa kansere za damu anayetajwa kwenye vitabu hadi leo. Kile alichokijua kwanza alikijifunza kwenye nyama za watoto wa ukanda wetu huu.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Wengi wetu tukisikia «kansere ya damu» tunafikiria lukemia, ile inayojaza damu yote na seli nyeupe zisizo na kazi. Lakini kuna ndugu yake, limfoma. Hiyo pia inaanzia kwenye seli nyeupe za damu, zile zinazoitwa limfositi, ila yenyewe inakaa pahali na kufanya uvimbe: shingoni, tumboni, kwenye figo, kwenye taya. Ndiyo maana mzazi anaweza kuona uvimbe wa shavu na asiwaze hata mara moja kwamba ni ugonjwa wa damu. Hata wanganga walichukua miaka mingi kuwaza hivyo.

Wanganga wa upasuaji walipokata bila kujua

Mwaka wa 1957, kunako hospitali ya Mulago, munganga wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell aje kuangalia mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Jipu la jino halifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama nje kupitia dirisha la hospitali na kumuona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt alikuwa amepoteza jicho moja tangu utoto wake kule Ireland. Kwa lile lililobaki aliona kile ambacho wenye macho mawili walikipita kila siku.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Albert Cook, munganga wa misioni aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, alikuwa ameandika na kuchora watoto wenye uvimbe wa taya kwenye madaftari yake. Upande wetu, wakati wa Wabelgiji, Thijs alichapisha mwaka wa 1957, kwa Kifaransa, hesabu ya kansere 2,536 zilizopatikana kwa wenyeji wa Kongo na Ruanda-Urundi. Habari zilikuwepo, ila kila mmoja alizisoma peke yake, tena kwa majina tofauti. Mmoja aliandika sarkoma ya taya. Mwingine aliandika kansere ya jicho, kwa sababu jicho ndilo lililokuwa limetoka. Wa tatu, aliyefungua tumbo, aliandika kansere ya figo au ya ovari.

Burkitt mwenyewe, alipochapisha makala yake ya kwanza mwaka wa 1958, aliiita sarkoma. Alikuwa munganga wa kisu, si wa mikroskopi. Na kisu hakikusaidia. Ukiondoa upande mmoja wa taya, uvimbe unarudi. Na hata usiporudi pale, unatokea tumboni. Kansere hii ni kati ya zile zinazokua haraka kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu: seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe wa ukubwa wa limau leo, wiki ijayo si limau tena.

Kilichohitajika ni mtu wa kusema: hizi zote ni kitu kimoja, na kitu chenyewe ni hiki.

Laboratware ya Makerere

Bahati ya Kampala ilikuwa kwamba idara ya patolojia ya Makerere ilikuwa na nguvu. Munganga Jack Davies alikuwa amefungua pale, mwanzoni mwa miaka ya 1950, daftari la kuandikisha kila kansere inayopatikana mjini na pembeni yake. Kansere moja, mstari mmoja: umri, kabila, mahali pa kuzaliwa, uvimbe ulikuwa wapi, na mikroskopi ilionyesha nini. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Lakini Mmarekani Greg O'Conor alipokaa na Davies na kuhesabu kansere za watoto, walikuta kwamba karibu nusu yake ilikuwa limfoma. Ulaya na Amerika haikuwa hivyo hata kidogo. Mwaka wa 1961 O'Conor alichapisha pamoja na Burkitt, na kuanzia hapo neno sarkoma ya taya likaanza kufa.

Dennis Wright aliingia kwenye laboratware hiyo wakati huo huo, mapema miaka ya 1960, akiwa mwalimu kijana wa patolojia. Swali lilikuwa bado wazi. Kusema «ni limfoma» hakutoshi, kwa sababu limfoma ziko nyingi na hazitibiwi namna moja. Je, hii ya watoto wa Afrika ilikuwa aina ya pekee, au ni zile zile za Ulaya zilizochagua kukaa kwenye taya?

Ili kuelewa alichofanya, lazima tuingie kidogo jikoni kwa patolojia. Njia ya kawaida ni hii: kipande cha nyama kinakaa kwenye formoli mpaka kigande, kinatolewa maji, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta inapoa na kuwa kama kipande cha sabuni. Kisha kinakatwa kwa wembe wa mashine, vipande vyembamba kuliko unywele, vinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, zambarau kwa kiini cha seli na waridi kwa sehemu nyingine. Ni njia nzuri, lakini formoli na nta vinaifinya seli, na vinaondoa mafuta yaliyomo ndani yake.

Wright alitumia zaidi njia nyingine, ya zamani na ya bei ndogo. Kabla nyama haijaingia kwenye formoli, unaichukua ikiwa mbichi, unaigusisha kwenye kioo, basi. Seli zinabaki pale kama alama ya kidole. Unazikausha, unazitia rangi ya Giemsa, ile ile ambayo kila laboratware ya Goma inaitumia kutafuta malaria, na unazitazama nzima, zisizofinywa. Alitumia pia rangi inayoonyesha mafuta.

Alichokiona alikichapisha mwaka wa 1963 kwenye jarida la Uingereza la kansere. Seli zote zilifanana, kama watoto wa tumbo moja. Kiini cha mviringo, na pembeni yake sehemu ya samawati iliyokolea iliyojaa matundu madogo ya wazi. Matundu yale yalikuwa matone ya mafuta. Iwe uvimbe umetoka kwenye taya, kwenye figo au kwenye ovari ya msichana, seli ilikuwa ile ile. Na kati ya seli hizo, hapa na pale, kulikuwa na seli kubwa nyeupe zinazokula seli zilizokufa. Ukitazama kwa ukuzaji mdogo unaona uwanja mweusi wenye madoa meupe, na wanganga wa patolojia wanauita anga lenye nyota. Mwanafunzi yeyote wa tiba, awe Goma, Kinshasa au London, leo anajifunza picha hiyo na kuiandika kwenye mtihani. Wengi hawajui kwamba vioo vya kwanza vilitazamwa jirani hapa.

Jambo lingine alilofanya lilikuwa la maana kubwa, na mimi naliona ndilo lililobadilisha mambo zaidi. Alichukua seli za Kampala kama kipimo na kwenda kutafuta ndugu zao kwenye makabati ya Uingereza. Mwaka wa 1966 alionyesha kwamba kati ya watoto wa Kiingereza waliokufa kwa kile kilichoitwa tu «limfosarkoma», wapo waliokuwa na ugonjwa huu huu. Walikuwa wachache, lakini walikuwepo. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema ni ugonjwa wa Waafrika, jambo la kabila au damu. Baada ya hapo haikuwezekana tena. Ugonjwa ulikuwa wa binadamu. Kilichokuwa cha Afrika ni wingi wake, na wingi una sababu zinazoweza kutafutwa.

Mstari wa mita 1,500

Sababu hizo Burkitt alikuwa ameshaanza kuzitafuta kwa gari. Oktoba 1961, pamoja na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari la Ford la mkono wa pili. Walizunguka wiki kumi, zaidi ya kilometa 16,000, hadi Afrika Kusini, wakisimama kila hospitali na kuonyesha picha: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Williams alitoka Kuluva, hospitali ya misioni karibu na Arua, ng'ambo tu ya mpaka na Aru yetu ya Ituri.

Jibu lilichora ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye joto na mvua, na ulikosekana kwenye baridi na ukame. Karibu na ikweta ulikoma kwenye urefu wa kama mita 1,500 juu ya bahari. Ukishuka kusini mstari nao ulishuka. Milima ya Rwanda na Burundi haikuwa nao, au ulikuwa haba sana. Alexander Haddow, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa virusi kunako Entebbe, ndiye aliyeona kwamba mstari wa urefu kwa kweli ni mstari wa joto: pahali ambapo baridi inashuka chini ya digri 16, ugonjwa haukai.

Msomaji wa Goma asimame kidogo hapa. Mji wetu uko karibu kabisa na mita 1,500. Tuko juu ya mstari wenyewe. Ukipanda kuelekea Masisi uko kwenye baridi, nje ya ramani ya Burkitt. Ukishuka Walikale kwenye msitu, au bonde la Rwindi, au Beni, uko ndani yake.

Kwa miaka ya amani hiyo ingekuwa habari ya jiografia tu. Lakini Goma si mji wa watu waliozaliwa Goma peke yao. Vita vimeleta hapa familia kutoka kila upande, na mtoto anayeingia hospitali leo anaweza kuwa amekulia Pinga au pembeni ya Beni. Mstari wa Burkitt hauhusu pahali mtoto anapotibiwa, unahusu pahali alipokulia. Kwa hiyo swali ambalo munganga wa hapa anapaswa kuliuliza mbele ya shavu lililovimba ni dogo tu: huyu mtoto alikulia wapi? Karatasi za hospitali huwa na nafasi ya kuandika anwani ya leo. Ya jana, familia isiposema yenyewe, inaweza isiandikwe popote.

Kwanza Burkitt alidhani mbu anabeba virusi vya kansere kutoka mtoto hadi mtoto, kama homa ya manjano. Alikosea nusu. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na kijana mmoja aliyeitwa Anthony Epstein alikaa akisikiliza. Kwa miaka miwili na zaidi vipande vya uvimbe vilisafiri kwa ndege kutoka Kampala hadi Epstein, na hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, kipande kikafika London kimechelewa, maji yake yamechafuka. Badala ya kukitupa, Epstein aliyaweka maji yale chini ya mikroskopi na kukuta seli zinaelea zikiwa hai. Alizikuza. Februari 1964, kwenye mikroskopi ya elektroni, virusi vilionekana. Yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad walivichapisha Machi mwaka huo. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr, virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na kansere ya binadamu.

Lakini virusi hivyo havibebwi na mbu. Vinapita kwa mate, na karibu kila mtoto wa kwetu anavipata akiwa bado mdogo sana. Mbu anaingia kwa njia nyingine: malaria ya mara kwa mara inazichochea limfositi zijigawe bila kupumzika, na katika kujigawa huko, seli moja yenye virusi inaweza kukosea na kupachika kipande cha kromosomu pasipo pake. Hilo kosa, kati ya kromosomu ya 8 na ya 14, lilielezwa miaka ya 1970. Ili kuhakikisha upande wa virusi, watafiti walichukua damu ya watoto kama 42,000 wa West Nile, jirani na Ituri, na kungoja miaka. Waliopata kansere walikuwa wale ambao tangu mwanzo damu yao ilionyesha kupambana sana na virusi hivyo. Matokeo yalitoka mwaka wa 1978. Sijui kama wazazi wa Arua waliwahi kuambiwa kwamba watoto wao waliijibia dunia swali hilo.

Dawa, na mabadiliko ya Kampala

Jina sahihi lilifungua mlango wa dawa. Kwa kuwa ni kansere ya limfositi, dawa zinazoua limfositi zilijaribiwa: methotrexate, kisha cyclophosphamide. Burkitt kule Kampala na wenzake Nairobi walishangaa. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na watoto wengine walipona moja kwa moja baada ya dozi chache tu, kitu kisichosikika wakati huo kwa kansere yoyote ya mtoto. Inayokua haraka ndiyo inayokufa haraka, ilimradi dawa ifike kwa wakati.

Mwaka wa 1967 kituo cha limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirika na Wamarekani, kikiongozwa na kijana John Ziegler. Wakati wa Idi Amin, mwaka wa 1972, Ziegler aliondoka, na Mganda Charles Olweny akashika uongozi, akaendesha hospitali ya kansere katika nchi ambayo dawa, umeme na hata usalama wa wanganga vilikuwa vya kubahatisha. Kituo hicho ndicho leo Taasisi ya Kansere ya Uganda, ambako familia za Goma, Butembo na Bunia zinapeleka wagonjwa wao. Ukiniuliza, Olweny anastahili makala yake peke yake.

Wright naye alikuwa amesharudi Uingereza, kwanza Birmingham, halafu Southampton, ambako alikuwa profesa wa patolojia. Mwaka wa 1970 yeye na Burkitt walitoa kitabu kizima juu ya limfoma ile. Wengi wangeishia hapo, kuishi kwa jina la Afrika. Yeye aliendelea na limfoma nyingine, na hapa kuna jambo ambalo linagusa watu wazima wa Goma wenye kulalamika juu ya vidonda vya tumbo.

Kule Southampton alifanya kazi na Peter Isaacson. Mwaka wa 1983 walieleza aina ya limfoma inayoota kwenye ngozi laini ya ndani ya tumbo, inayoenda polepole na kukaa pahali pake miaka mingi. Wakati wanaandika, bakteria ya Helicobacter pylori, ile ya vidonda vya tumbo, ndiyo kwanza ilikuwa inagunduliwa Australia. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1993, kundi la Isaacson liliwapa antibiotiki wagonjwa sita wenye limfoma hiyo ya tumbo, ili kuua bakteria tu. Kwa watano kati ya sita, kansere ilirudi nyuma. Antibiotiki za kawaida, zile zinazopatikana kwenye famasi za Birere! Lakini hakuna anayeweza kuzitoa kwa ujasiri kama hajui kwamba limfoma ni ya aina hiyo, na hakuna anayejua bila kipande cha nyama na mtu wa kukisoma. Tunarudi pale pale.

Chupa inapoondoka Goma

Hapa kwetu hospitali zimejaa kazi ya vita. Januari 2025, mapigano yalipofika mjini, vitanda vya CBCA Ndosho, vya Heal Africa na vya hospitali ya jimbo vilijaa majeruhi wa risasi na mabomu. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango. Katika hali hiyo mtoto mwenye shavu lililovimba halii kwa sauti kubwa kuliko mwenye mguu uliovunjika. Anangoja. Na tumeona kwamba ugonjwa wake haungoji.

Kwa wanaoweza kuvuka Gisenyi, njia mojawapo ni Rwanda. Kunako Butaro, wilaya ya Burera, kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka wa 2012. Historia yake inafundisha. Mwanzoni Butaro hakukuwa na munganga wa patolojia, na vipande vya nyama vilisafiri hadi Boston, Marekani, kusomwa, kama vile vya Kampala vilivyosafiri kwenda London. Baadaye walijenga laboratware yao, na kazi ikafanyika pale pale mlimani. Jengo, mashine ya kukata nta na mikroskopi vinaweza kununuliwa. Munganga wa patolojia hanunuliwi: baada ya kumaliza udaktari anahitaji miaka minne au zaidi ya kukaa mbele ya vioo akisahihishwa na anayejua. Vijana wetu wanaomaliza tiba wengi wanataka upasuaji au uzazi, ambako mgonjwa anakushukuru machoni. Naelewa. Ila bila yule wa mikroskopi, wa upasuaji anakata gizani, kama walivyokata Mulago kabla ya 1957.

Kuna mambo ambayo hayangoji laboratware kubwa. Kipande cha nyama kinachooza ndani ya maji ya chumvi, au kinachokauka ndani ya glavu kwa sababu formoli ilikwisha, hakiwezi kusomwa na yeyote, awe Kigali au Boston. Kinatakiwa kizame ndani ya formoli nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wake, na chupa iandikwe jina, umri na tarehe. Na ile njia ya Wright, kugusisha nyama mbichi kwenye kioo na kutia Giemsa, inahitaji vitu ambavyo kituo chochote kinachopima malaria tayari kinavyo. Haitoi jibu la mwisho. Lakini seli za samawati zenye matundu ya mafuta, kwa mtoto wa miaka sita aliyekulia kwenye joto la bonde, zinatosha kumfanya munganga apige simu siku hiyo hiyo badala ya kungoja mwezi.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza. Uvimbe wa taya unaotikisa meno kadhaa kwa pamoja, jicho linalotoka, tumbo linalojaa ndani ya siku chache, mtoto anayeshindwa ghafla kusimama kwa miguu: hayo si ya kungojea antibiotiki ya pili. Muulize munganga kama kipande kitakatwa, kitapelekwa wapi, na jibu litarudi lini na kwa simu ya nani. Jibu likija, omba nakala ya karatasi. Omba pia kile kipande cha nta, kama mnahamia hospitali nyingine au mnavuka mpaka. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, hakihitaji barafu, na munganga wa patolojia anaweza kukikata tena na kukisoma hata baada ya miaka ishirini.

Mwaka wa 2012, karibu nusu karne baada ya makala yake ya Kampala, Wright aliandika kurasa chache kwenye jarida la Uingereza la magonjwa ya damu, akikumbuka jinsi limfoma ile ilivyopatiwa jina. Seli alizozieleza mwaka wa 1963, zile za samawati zenye matone ya mafuta, ndizo bado zinatafutwa kila chupa inapofunguliwa.